Nilivyosinzia kwenye nikahi yangu mwenyewe, Kivinje

Habari za Jumapili wakuu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, na mashahidi wangu ni msikiti mzima.

Mimi ni mkulima wa korosho huku Pande. Msimu wa kupuliza salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, tunaamka alfajiri, kabla upepo haujaanza. Mwaka huo msimu ukagongana na harusi yangu.

Basi alfajiri napuliza kwa mashine, mchana napiga plasta chumba cha bibi harusi, usiku naongea na mchumba wangu Zuhura mpaka simu inaisha chaji. Nalala masaa matatu tu. Wiki mbili hivyo hivyo, na najisifu kabisa!

Dalili zilikuwepo. Kichwa kinagonga, hasira za bure, nafika dukani nimesahau nilichofuata. Nikasema uchovu tu huu.

Ijumaa, baada ya swala msikitini Kivinje, kwao Zuhura, baba yake, Mzee Salum, akanishika mkono aniozeshe. Shehe akaanza hotuba ya ndoa. Sauti tamu, feni inazunguka...

Wakuu, nililala. Mkono wa mkwe umo mkononi!

Mzee akanibinya nijibu. Nikashtuka, nikapaza sauti:

"Zima mashine, mafuta yameisha!"

Msikiti mzima ukanigeukia. Shehe akatikisa kichwa: "Mimi sifungishi ndoa na mtu aliyelala."

Mzee Salum akaniachia mkono. Hapo niliogopa kweli, nikajua Zuhura ndiyo basi tena.

Mzee akanitazama macho yangu mekundu, kisha akacheka mpaka kofia ikadondoka. Kumbe naye ni mpuliza salfa wa miaka mingi.

"Mpelekeni nyumbani kwangu, mtandikieni mkeka. Akiamka, tunafunga baada ya alasiri."

Nilipofika tu, kutoka upande wa wanawake ukaletwa mto wenye foronya ya kudarizi. Zuhura alikuwa ameushona kwa ajili ya kitanda chetu. Nikalala fofofo huku wageni wanamaliza pilau yangu.

Alasiri nilijibu "Nimekubali!" kwa sauti mpaka vigelegele vikaanzia barabarani. Sijawahi kufurahi vile maishani.

Nilichojifunza: kulala si uvivu. Ukijinyima, akili inafunga duka bila kukuaga, na haichagui siku.

Siku hizi salfa ikianza, Zuhura ananinyang'anya simu mapema, ananirushia mto ule ule.

"Lala, mume wangu. Mimi nilikusubiri mpaka alasiri, mikorosho ni nani isikusubiri?"

Haya, nani mwingine usingizi ulimuumbua mbele za watu? Semeni, nisichekwe peke yangu.