Nta kwenye Skii za Kaka

Kaka yangu alifariki ughaibuni, akazikwa hukohuko. Kilichorudi kwetu Gwata ni begi la nguo na skii zake, zile mbao mbili ndefu za kutelezea kwenye theluji. Mama hakuliona kaburi. Anaziona hizo.

Kila mwaka nazipaka nta, na kazi yenyewe si ngumu. Unazilaza juu ya viti viwili, upande wa chini ukitazama juu. Unagusisha nta kwenye pasi ya moto idondoke, kisha unaitandaza kwa pasi hiyohiyo bila kusimama, maana ukisimama unaunguza. Mikwaruzo ya mawe aliyopitia kaka naiona kila mara, naiacha.

Mwaka huu mama aliuliza, "Mbona hiyo nta huiondoi?"

"Inazilinda zikiwa zimewekwa tu, mama. Inakwanguliwa pale mwenye skii anapokaribia kwenda kuteleza."

Kesho yake nilitoka sokoni Mlandizi nikamkuta barazani, skii moja mapajani, anaikwangua kwa kijiko. Maganda ya nta yalikuwa yamejaa kwenye khanga yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imebaki moja. Sitaki kaka yako afike, halafu atusubiri."

Niliingia ndani nikatoka na rula mbili za plastiki.

"Kijiko kinakwaruza, mama. Shika hii, isukume taratibu, usikandamize."

Nikaipakata ile ya pili. Tulipomaliza, alizisimamisha kando ya mlango, mahali anapoacha viatu mgeni.