Kibano na Goti la Mama

Maabarani walimwita Kibano, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa kuendesha mtambo wa kukuzia gegedu, ule mfupa laini unaozuia mifupa isisagane gotini. Seli za mgonjwa zinachukuliwa, zinapandwa kwenye kikombe chenye maji ya virutubisho, kisha kidole cha chuma kinazibana na kuziachia, kinazibana na kuziachia, kutwa kucha. Zisipobanwa zinabweteka. Zinakaa tu zinakula, utadhani mashemeji waliokuja kusalimia.

Kibano hakuwa na huruma nazo. Goti la jaji mstaafu alilibana bila rufaa. La mchungaji vilevile, tena siku ya ibada.

Basi ikafika zamu ya mama yake mzazi, ambaye goti lilikuwa limemfikisha mahali pa kupanda ngazi kwa makalio, huku akizitukana. Siku aliyokuja kuziona seli zake, akachungulia kwenye kioo cha mtambo.

"Ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo wewe, Mama."

"Na hilo lichuma linanigonga hivyo, mwanangu unatazama tu?"

Lo! Mkono uliowabana wakubwa wote ukalegea. Mama alipotoka tu, Kibano akapunguza nguvu ya mtambo, akawa anambonyeza mzazi wake kama mtu anayechagua parachichi. Wenzake hakuwaambia.

Kipande cha gegedu kilipotolewa kikombeni ili kipandikizwe gotini, kilikuwa uji mtupu. Daktari alikishika kwa koleo, kikateleza, kikaanguka pwata! Upasuaji ukafutwa. Ilibidi mama achokonolewe goti upya, zitolewe seli nyingine.

Kibano akaenda nyumbani kumweleza mwenyewe. Mama akasonya, msonyo mrefu wa kutosha kuchemsha chai.

"Mjinga wewe! Nani alikwambia unionee huruma?"

"Si ulisema linakugonga?"

"Mimi nasema mangapi? Ulizaliwa mguu umepindia ndani. Kila asubuhi nilikuwa naunyoosha, nawe unapiga yowe mpaka majirani wakaniita mchawi. Baba yako alikuwa anakimbilia nje. Nami nilikuwa nalia, lakini sikuachia."

Kibano hakuwahi kuambiwa hayo. Akautazama mguu wake, kisha akamtazama mama.

"Usinikodolee macho. Safari hii unibane sawasawa."

Seli mpya zilipowekwa, akapandisha nguvu mpaka kipimo cha watu wote. Kidole cha chuma kikashuka. Kibano akalia kwa sauti, wenzake wakaja kuchungulia mlangoni, wala hakupunguza.