Msomee Alichosema

Iko siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za utumishi wangu, mwanangu, na nikiikumbuka bado nashikwa na aibu. Ilikuwa siku ya mkutano wa mtaa, wakati wa kiangazi, nasi tumejazana kwenye darasa la shule ya msingi tukizungumzia barabara. Umeniambia juzi kwamba umepangiwa kazi ya mtendaji wa mtaa na unaanza mwezi ujao. Nimefurahi kweli. Lakini kabla hujakabidhiwa mhuri na kuanza kuugonga, nipe masikio kidogo.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yangu, mtu wa Njombe, alikuwa karani wa bandarini, na sisi watoto wake tulikulia Rahaleo, mtaa wa mjini. Nyumbani kwetu Kiswahili kilikuwa kama sare ya shule, lazima kinyooshwe. Ukikosea mezani, baba anaweka kijiko chini na kukungoja urudie. Basi nilipopelekwa kuwa mtendaji kwenye mtaa mmoja wa pembezoni, upande wa Likombe, mtaa ambao jina lake naomba nilihifadhi, nilifika kule nikijiona mimi ndiye Kiswahili chenyewe. Watu wa pale wengi walikuwa wakulima wa korosho na mihogo, wanaoongea Kimakonde au Kimakua nyumbani, na Kiswahili wanakivaa wakija ofisini. Wakisema "balabala" nilikuwa nainamisha kichwa nicheke kimoyomoyo. Nakiri, nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye vyeti.

Siku ile ya mkutano halmashauri ilikuwa imekubali kutuinulia barabara kwa kifusi na kutuwekea kalavati, lile bomba kubwa la zege linalopitisha maji chini ya barabara. Moja tu, na wananchi waseme liwekwe wapi. Wanaume waliokaa madawati ya mbele walisema liwekwe karibu na duka, kwa sababu pale ndipo matope yalipokuwa yanawakera. Walisema kwa ufupi na kwa lugha niliyoipenda, nami nikaandika kila neno. Mwenyekiti wetu, Mzee Mfaume, mtu mpole kupita kiasi, akauliza kama kuna mwenye neno jingine.

Nyuma kabisa, kwenye mkeka walipokaa akina mama, akainuka bibi mmoja mwembamba. Akatoa salamu, safu kwa safu, hakumruka mtu. Akaishukuru serikali. Kisha akaanza kutaja mikorosho. Ndiyo, mikorosho! Kwamba hapa tulipo palikuwa shamba la marehemu mumewe. Mkorosho ule wa njia panda aliupanda mama mkwe wake, mwaka alioolewa yeye. Ule wa pili aliupanda mumewe. Na ile mitatu ya bondeni, nyuma ya nyumba yake, ilikauka yote, na pale ilipokauka mchanga ni mweupe. Nusu alisema Kiswahili, nusu Kimakonde. Nikatazama saa yangu, na nilihakikisha watu wananiona nikiitazama.

"Bibi, tufupishie," nikasema. "Ajenda yetu ni barabara."

"Ndiyo hiyo balabala naisema, mwanangu."

Watu wawili watatu wakacheka, nami nikacheka nao. Bibi akamalizia harakaharaka, akakaa. Kwenye daftari la mikutano nikaandika hivi: *Bibi mmoja alitoa shukrani kwa serikali.* Tena nikaona nimemfanyia wema, maana ningeweza kutoandika kitu.

Barabara ikajengwa, nzuri, imeinuka hadi magotini. Kalavati likawekwa karibu na duka. Ikaja Desemba, ikanyesha mvua ya kwanza ya maana, na asubuhi yake bibi yule akapiga hodi ofisini kwangu, kanga imelowa hadi kiunoni. Maji yalikuwa yameteremka kutoka juu kama yanavyoteremka miaka yote, yakakuta barabara imeyazibia njia, yakarudi na kutuama nyuma ya nyumba yake. Nyumba yenyewe ya miti na udongo, na ndani yake alikuwamo binti yake, Zuhura, aliyejifungua siku tisa zilizopita. Ukuta wa chumba cha mzazi ulikuwa umelowa hadi usawa wa kitanda.

Hakuja kulalamika. Alikuja amechangamka, na hilo ndilo lililoniumiza baadaye. Alishapita kwa mhandisi wa halmashauri, kwa kuwa mafundi walikuwa bado hawajaondoka na walikuwa na bomba moja la akiba. Mhandisi alimwambia kwa adabu kwamba hawezi kuchimba barabara mpya kwa neno la mtu mmoja. Aletewe muhtasari unaoonyesha kwamba sehemu ile ilitajwa mkutanoni, naye ataliweka bomba lile. Asipoletewa, kesho kutwa mitambo inaondoka.

"Nikamwambia, baba, hilo halina shida," Bibi akanisimulia. "Nilisema, na yule binti aliandika. Nilimwona kwa macho yangu anaandika. Hata mwanangu mkubwa alitaka kuchimba mtaro kabla ya mvua, nikamkataza. Nikamwambia serikali imeshaandika, tusiwavurugie kazi yao."

Nikalivuta daftari karibu yangu, mwanangu.

"Nisomee," akasema.

Nikafungua daftari. Mstari wenyewe ulikuwa pale, maneno matano sita tu. Ningeweza kusema kweli papo hapo. Badala yake nikafanya jambo ambalo hadi leo sijui nililitoa wapi: nikaweka kidole kwenye karatasi, nikaanza kusoma yasiyokuwepo. Nikasoma kwa sauti yangu ya mkutanoni kwamba bibi ameeleza maji hupita nyuma ya nyumba yake, na ameomba kalavati liwekwe hapo. Yeye alikuwa amefumba macho anasikiliza. Nilipomaliza akayafumbua.

"Na mikorosho?"

"Mikorosho gani, Bibi?"

"Ile mitatu iliyokufa. Mkorosho ukikaa ndani ya maji unakufa. Ukiona pamekufa mikorosho mitatu mfululizo, ujue ndiyo njia ya maji. Hukuiandika?"

Hapo ndipo nilipoelewa, miezi mitano baadaye, kwamba siku ile alikuwa hasimulii habari za ukoo. Alikuwa anatuonyesha maji yanapopita, mti kwa mti, na hakuna mhandisi ambaye angetuonyesha vizuri zaidi. Mimi nikawa natazama saa.

"Basi si kitu," akasema. "Hayo uliyosoma yanatosha. Nigongee mhuri nimpelekee."

Sasa nisikilize vizuri hapa. Mhuri ulikuwa mezani. Kalamu ilikuwa mezani. Chini ya mstari ule palikuwa na nafasi tupu ya kuongeza sentensi mbili, na hakuna ambaye angejua. Nyumba ya Bibi ingepona, na mimi ningepona. Usidhani sikuliwaza hilo, niliwaza, hata kalamu niliishika. Lakini chini ya ukurasa ilikuwapo sahihi ya Mzee Mfaume, na kuongeza maneno juu ya sahihi ya mtu ni kumsemea asichokijua. Nilikuwa nimeshamfanyia hivyo mtu mmoja, na alikuwa amekaa mbele yangu na kanga iliyolowa. Nikaweka kalamu chini, nikatoka nyuma ya meza, nikakaa naye kwenye benchi.

"Bibi, nimekudanganya. Hayo niliyosoma hayamo."

Akaliinamia daftari. "Umeandika nini?"

"Nimeandika kwamba ulitoa shukrani."

"Nilishukuru kweli," akasema polepole. "Hilo si uongo. Ila nilishukuru ili nipate kusema."

Nikaanza kulia. Yeye hakulia, alikuwa na mtoto mchanga wa kumhamisha. Akanishika goti. "Mimi sijui kusoma, mwanangu. Hicho kitabu chenu nakiamini kwa sababu ya uso wako tu. Sasa ukinidanganya na uso, nitashika wapi?" Nikazidi kulia. Akaniacha kidogo, kisha akasema, "Haya, inuka. Utalia ukishazeeka, muda utakuwepo. Mvua hii haijamaliza."

Mchana ule ule Zuhura na mtoto walihamia kwangu. Nilikuwa nimepanga vyumba viwili, nikawapa kile kisichovuja. Mzee Mfaume, nilipomweleza, alikuna kidevu tu, akasema watu waitwe baada ya swala ya alasiri. Sikulala na jambo lile hata usiku mmoja, na namshukuru kwa hilo.

Utaratibu wa mikutano unataka muhtasari uliopita usomwe kwanza. Mimi nilikuwa na mtindo wangu wa kusema "tuchukulie umesomwa," watu wanaitikia, tunaendelea. Siku ile niliusoma wote, kuanzia mstari wa kwanza. Nilipofika kwenye "bibi mmoja alitoa shukrani" nikanyanyua macho, nikawaambia watu wote kwamba maneno yale ni yangu, si yake, na kwamba yeye alisema jambo kubwa nikamkatisha. Nilitegemea wacheke, hawakucheka. Wengine walitazama chini, maana walicheka siku ile ya kwanza.

Nikamwomba aseme tena. Kabla hajaanza nikamuuliza jina lake kamili. Fikiria, mwanangu, mwaka wa pili huo nimekaa mtaa ule, nimekula mihogo yake aliyonitumia, na jina lake silijui! "Somoe Bakari Nanguka," akasema, na nikaona mgongo wake unanyooka. Nikaandika. Akaanza na salamu, nikaandika kwamba amesalimia. Akaingia kwenye mikorosho, na kila alipohamia Kimakonde, jirani yake Mama Asha alinifafanulia. Nikimaliza mistari miwili namsomea. Mara nne alinisahihisha. "Si mkorosho wa njia panda huo uliokufa, ule ni wa mama mkwe, haukufa." Nafuta, naandika upya kwa maneno yake yale yale, namsomea tena. Mhandisi, aliyeitwa pia, alikuwa amesimama mlangoni tangu mwanzo, amekunja mikono. Mwisho Bibi Somoe akasema, "Ndiyo. Sasa hayo ni yangu." Mzee Mfaume akatia sahihi, kwa tarehe ya siku ile ile.

Asubuhi tukaenda nyuma ya nyumba. Visiki vitatu vilikuwapo, na mchanga ulikuwa mweupe kama alivyosema. Barabara ikachimbwa, bomba likalazwa, na maji yaliyotuama yakaanza kuondoka mbele ya macho yetu. Lakini sitakudanganya wewe pia. Ukuta wa chumba cha Zuhura ulikuwa umekwisha kunywa maji mengi, na mvua ya siku mbili baadaye ukaanguka wote, juu ya kitanda kisicho na mtu. Nilikwenda nikasimama pale nikakitazama kile kitanda. Mvua ingetangulia siku mbili tu, leo nisingekuwa na mdomo wa kumpa mtu nasaha.

Chumba kilijengwa tena, tukasaidiana. Na Bibi Somoe akawa mgeni wangu wa ofisini. Haji na shida. Anakuja akitoka sokoni, anaweka kikapu chini, anasema, "Nisomee." Nafungua ukurasa wake, nasoma, jina na salamu na mikorosho yote, naye anasikiliza macho yamefumbwa. Halafu anachukua kikapu chake anakwenda. Nilizoea hivyo hata nikawa nauweka alama ukurasa ule.

Alipofariki, niliahirisha likizo yangu nipate kumzika. Baada ya arobaini yake, Zuhura alikuja ofisini. Akasema mama yake alimwambia kwamba yumo kwenye kitabu cha serikali, na kama nisingejali, angependa kusikia. Nikamsomea. Nilipofika pale penye "si mkorosho wa njia panda huo," Zuhura akajifunika uso kwa mtandio. "Ndivyo alivyokuwa anasema," akaniambia. "Ndivyo hasa."

Basi mwanangu, nasaha yangu si ndefu. Utapewa daftari, na watu wasioweza kulisoma watakuamini kwa uso wako. Mtu akisimama kusema, mwache aanze anapotaka kuanzia, hata kama ni kwenye miti ya mama mkwe, maana huenda jambo lenyewe limo humo. Asipokijua Kiswahili vizuri, mtafutie wa kumfafanulia, usimtafutie wa kumcheka. Mwandike kwa jina lake. Na kabla hajaondoka msomee alichosema, akuambie ndivyo au sivyo. Ukikosea, na utakosea, usitafute nafasi tupu ya kuchomeka maneno. Rudi kwa watu, useme mbele yao, ufute, uandike upya kwa tarehe ya leo.

Nakuombea kwa Mungu, na najua Bibi Somoe angekuombea kwa namna yake pia. Akupe subira ya mikutano mirefu. Akupe sikio linalofika hadi mkekani kule nyuma. Akujalie barabara zinazopitika na usingizi usio na deni la mtu. Na siku ukistaafu, wawepo watakaokuja na vikapu vyao, wakae kwenye benchi lako, na usiwe na ukurasa hata mmoja unaoogopa kuwasomea.