Shuka Lenye Vyumba Viwili

Fundi cherehani huyu walimwita Kimya, na jina hilo lilitokana na pini. Kutwa alikuwa amebana pini nne tano midomoni, na mwenye pini mdomoni hubishana kwa macho tu. Zikitoka, alikuwa mwungwana kupita kiasi. Alimtaka radhi mteja kabla ya kumpima kiuno, na akikosea kukata, alikitaka radhi kitambaa.

Isiyojua ukimya ilikuwa miguu yake. Mambo yalianza alipovuka hamsini. Mchana ilikanyaga cherehani kama miguu ya watu wengine. Usiku ukiingia, akishajinyoosha tu, ndani ya mifupa kulichemka kitu kama soda iliyotikiswa, na hakikutulia mpaka aitikise miguu yenyewe. Akipitiwa na usingizi, miguu iliendelea peke yake, ikirusha mateke. Jirani yake wa kibanda, fundi viatu, alipata utani wa bure. "Kimya, ukiuchoka mguu mmoja niletee," alimwambia. "Nina kiatu hapa kimekosa mwenzake."

Daktari wa kwanza alimwandikia kidonge cheupe, kidogo kuliko kifungo cha shati la kichanga. Kwa miaka kadhaa Kimya alilala usingizi wa pono. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa kukunja mashuka kwenye chumba cha dobi hospitalini, naye alilala, kitanda kimoja, mgongo kwa mgongo. Hakuna kati yao aliyelihesabu hilo kuwa raha. Raha ina tabia mbaya ya kutojitambulisha mpaka inapoaga.

Kisha soda ikaanza kuchemka magharibi, kabla hajagusa kitanda. Akaongezewa kidonge. Ikasogea hadi alasiri. Akajiongezea mwenyewe, akijitetea kuwa dawa ya moto ni moto, methali ambayo sijawahi kuisikia kwa mzimamoto yeyote. Sasa ikapanda hadi mikononi, na siku moja mkono ulimruka akashona mfuko wa koti ukafungwa mdomo. Mateke ya kitandani nayo yalirudi, makali kuliko ya zamani, na kila teke Kimya alilifuatishia samahani.

Mkewe akahama. Hakugomba. Alichukua mto akaenda chumba cha binti yao aliyeolewa, ng'ambo ya ukuta, akasema ana zamu ya asubuhi. Zamu hiyo ya asubuhi haikuisha tena. Mto ulifuatwa na kitana, kitana kikafuatwa na kopo la mafuta, na kila kitu kilipotoka Kimya alikisindikiza kwa macho kama aliyesimama stesheni. Kikabaki kioo chake kidogo cha mviringo, kimening'inia msumarini. Kimya alikifuta vumbi kila alipoamka. Nguo zilizobakiza uzi mmoja alizijua. Kioo kile kikitoka, mkewe hatakuwa tena mgeni wa chumba cha pili. Atakuwa mwenyeji.

Aliendelea kulala ukingoni, upande wake. Upande wa mke ulibaki umenyooka kama uliotoka kupigwa pasi. Alikuwa na kitanda kizima, ruhusa ya kujitupa atakavyo, na hakuna alichokitamani zaidi ya kubanwa.

Ni mke huyohuyo aliyemkokota kwa daktari mwingine, mwanamke kijana aliyesikiliza bila kuandika, jambo lililomtia Kimya wasiwasi. Aliuliza miguu inaanza saa ngapi siku hizi, mikono je, na dozi imepanda mara ngapi. Halafu akauliza kama kuna kitu amekuwa akikinunua bila kujizuia. Kimya alisema hakuna. Mke akakohoa. Kimya akakumbuka vifungo: makopo kwa makopo ya vifungo vya shaba chini ya meza ya kukatia, vya makoti ya kijeshi, ilhali hajawahi kumshonea hata mgambo.

Daktari alieleza kuwa uchu huo wa vifungo umeletwa na kidonge, na moto huu mpya pia ni wa kidonge. Mwanzoni hutuliza, lakini kwa baadhi ya watu, kikikaa sana, huanza kuchochea kilekile ambacho kilikuja kukizima. Kitapunguzwa polepole, kwa ratiba yake, wala asithubutu kukikatisha ghafla. Alimpima damu, akakuta akiba ya madini ya chuma imekwisha, akampa vidonge vya chuma na onyo vikae mbali na chai. Akaongeza dawa ya kundi jingine kabisa, akafuta kahawa ya jioni. Na akasema kweli, ambayo haimo katika ratiba yoyote: kabla haijawa nafuu, itakuwa mbaya zaidi.

Ikawa mbaya zaidi. Kimya alikata kidonge kwa mkasi wa tarizi, akijifariji kuwa heri nusu shari kuliko shari kamili, kisha akagundua kwamba nusu ile ina shari yake kamili. Majuma hayo alitembea ndani ya nyumba kama mlinzi asiye na lindo. Aliloweka miguu katika beseni la maji moto, akakanda mashavu ya miguu, akakaa kwenye cherehani akakanyaga bila uzi wala kitambaa, gurudumu likizunguka kwa faida ya hewa. Ng'ambo ya ukuta alimsikia mkewe akigeuka. Alitamani abishe hodi, lakini hakujua aseme nini kisichokuwa samahani.

Kidonge kikaisha. Chuma kikaingia taratibu. Siku zikaanza kuonekana ambazo soda ilichemka kidogo ikapoa. Hakupona, alipata nafuu, nacho ni kitu kingine, lakini alilala, na mateke yakabaki ya hapa na pale. Alingoja mkewe aone. Mke naye, ilikuja kujulikana baadaye, alikuwa akingoja aulizwe. Nyumba ilijaa adabu.

Asubuhi moja, akivaa viatu vya kazini, mke alisema kile kioo angekihitaji kule, kwa kuwa kule kuna mwanga. Kimya alisema sawa, atampigilia msumari.

Hakupigilia. Alifunga kibanda mapema, fundi viatu akamuuliza kama kuna msiba, akarudi nyumbani akatandua kitanda. Akachukua shuka la kulalia na shuka la kujifunikia, akayaunganisha kwa mshono mmoja uliopita katikati, toka kwenye mito hadi miguuni. Vikapatikana vyumba viwili vya kulala, kimoja chake, kimoja cha mkewe, na hakuna mguu ambao ungevuka. Alitandika, akaketi kitandani kumngoja, na akajiona mtu aliyetatua ndoa kwa uzi.

Mke alirudi, akasimama mlangoni. Mtu anayekunja mashuka kutwa haangalii shuka kama mimi na wewe. Aliinama akapitisha kidole juu ya mshono, mwanzo hadi mwisho.

"Umepiga mara mbili," alisema.

"Usifumuke."

"Umenishonea mpaka, baba watoto."

"Nimekushonea usingizi. Miguu haitakufikia."

Mke akaketi upande wake, ule ulionyooka, nao ukakunjamana kwa mara ya kwanza tangu ahame. "Nani kakwambia nilihama kwa ajili ya miguu?"

Kimya aliitazama miguu yake.

"Mateke niliyazoea. Nilikuwa napigwa, najigeuza, nalala. Wewe ndiye uliyekuwa unanitikisa bega kuniomba samahani. Usiku kucha. Mtu atalala vipi na samahani?"

"Hukuniambia."

"Hukuniuliza. Ungeniuliza ungeniamsha tena."

Alivuta droo ya cherehani, akatoa kifumulio, akamwambia ashike shuka alivute likaze. Akaanza kufumua kutoka kwenye mito. Uzi ulikatika tik, tik, tik. Mabega yakapata nafasi, kisha viuno. Alipofika usawa wa magoti akasimama.

"Kuanzia hapa kushuka chini," alisema, "baki na mpaka wako."

Palihitaji kukazwa ili mshono usiendelee kuachia, mke akaomba pini. Kimya akampa kopo, akaendelea kuvuta shuka kwa mikono miwili, na kwa kuketi bila kutikisika muda wote huo mguu wa kushoto ukamruka, ukampiga mke pajani. Kimya akafungua mdomo.

Mke akamtia pini mbili katikati ya midomo.

"Nishikie," alisema, akarudi kwenye mshono.