Mguu Uliokosa Damu

Jumanne asubuhi nilipata habari kwamba fundi wa baiskeli wa Otonglo amefariki. Wanaopita njia ya Busia watamkumbuka: mtu mrefu, mguu wa kushoto ameulaza juu ya kreti ya soda, akiziba pancha huku akiwatania wateja. Tangu afe nasikia watu wakisema hospitali ndiyo iliyommaliza. Mimi nilikuwepo tangu mwanzo, na nikinyamaza nitakuwa nimesema uongo.

Alivunjika mfupa wa muundi alipogongwa na mkokoteni wa mahindi pale sokoni Kibuye. Mzee mmoja anayeunga mifupa alimfunga vizuri kwa mbao nyembamba na vipande vya mpira wa tyubu, akatuonya tusiguse. Lakini kwetu ni aibu kumtembelea mgonjwa mikono mitupu, na asiye na cha kuleta huleta nguvu zake. Kila aliyeingia aliukaza mpira kidogo. "Imelegea hii, omera, ndugu yangu! Unataka kutembea kama bata?" jirani mmoja alimwambia, akavuta mpira mpaka jasho likamtoka. Siku ya nne nami nilikaza. Vidole vya mguu ule vilikuwa baridi. Nilivigusa, nikajua si kawaida, nikaona haya kusema mbele ya wakubwa.

Miezi ikapita, mfupa haukushika. Nilimsindikiza hospitalini, na daktari akainua picha ya eksirei kwenye mwanga wa dirisha.

"Mfupa ni kitu hai, Bwana. Hapa katikati mishipa ya damu imekufa, na mfupa umekufa nayo. Naweza kukupandikizia kipande cha nyonga yako, lakini mishipa isipoingia humo, nacho kitakufa."

"Hakuna mfupa wa kutengeneza, Daktari?" fundi akauliza.

"Ng'ambo wanajaribu kuuotesha kwa chembe changa za uboho. Mfupa unaota kweli. Shida ni kwamba damu haifiki katikati, basi katikati panakufa."

Fundi akacheka kwa sauti. "Kumbe na wao wamekwama hapa nilipokwama mimi!"

Kipande cha nyonga hakikushika. Kidonda kilitoa usaha mwaka mzima, mwishowe sumu ikaingia damuni.

Sisi tunapenda kukaza. Mwalimu hukaza, chifu hukaza, mchungaji hukaza, na kila mmoja huenda zake akiamini amesaidia. Anayelia huambiwa avumilie, na akifa tunamtafuta wa kulaumiwa mbali na nyumbani.

Huenda siku moja wataalamu wataotesha mfupa pamoja na mishipa yake, nami nitafurahi. Lakini rafiki yangu hakuhitaji ajabu hiyo. Alihitaji mmoja wetu aulegeze ule mpira, kazi ya kidole kimoja. Ukikuta vidole vya mgonjwa vimekuwa baridi, legeza, hata kama wakubwa wote wamekaa hapo wanakutazama.