Unono wa Shangazi Wakesho

Ukimwona Shangazi Wakesho mwezi wa Julai, unaona mtu mrefu, mwembamba, mwenye shingo ndefu inayochelewa kufika kichwani. Ukimwona Oktoba, unaona godoro limesimama kwenye kituo cha basi. Ni mtu yuleyule. Nimeishi naye nyumba moja hapa Stratford, London, tangu Baba aliponileta kutoka Voi nikiwa na miaka tisa, na mpaka leo sijazoea.

Kwetu Voi, vuli ni mvua. Huku, vuli ni majani. Yanageuka mekundu, yanaanguka, na watu wazima wenye akili zao wanasimama kuyapiga picha. Jani la kwanza likianguka tu, Shangazi huvuta sanduku kutoka chini ya kitanda na kuanza kuvaa. Mimi hukaa mlangoni nikimtazama, maana ni kama kutazama nyumba ikijengwa. Kwanza fulana. Juu yake fulana nyingine, ya mikono mirefu, ambayo zamani ilikuwa ya Baba. Kisha sweta la shingo, sweta la vifungo, kizibao, na leso ya kufunga kiunoni "ya kushikilia figo." Halafu koti la mvua, hata kama hakuna mvua. Juu ya koti la mvua, koti lenyewe, la kahawia, linalomfika kwenye vifundo vya miguu. Mwisho skafu, inazunguka na kuzunguka mpaka yanabaki macho tu.

"Lakini Shangazi, redio imesema leo hakuna baridi."

"Redio haina mifupa," anajibu kutoka ndani kabisa.

Anafanya kazi ya kuwatunza wazee katika nyumba moja ya wazee. Wazee wenyewe hukaa na shati moja, wakimwuliza kwa huruma kama anaumwa.

Siku zake za kupumzika husafiri na akina mama wa kanisa kwa basi la kukodi. Wamefika Brighton, Canterbury, Cambridge. Kila wanaposhuka, hata kabla ya kutafuta choo, wanapigana picha. Filamu ikijaa anaipeleka kwa Bi Lata, Mhindi aliyezaliwa Mombasa, mwenye duka la picha karibu na stesheni. Bi Lata ameondoka Mombasa zamani, lakini Kiswahili alikuja nacho, na ulimi pia.

"Dada Wakesho," alimwambia mwaka jana akizipanga picha juu ya meza, "mimi nasafisha picha zako, natafuta mtu ndani, sioni. Mara nyingine wewe kaa nyumbani, tuma koti peke yake. Litasimama vizuri tu."

Nilidhani picha hizo zikifika kwa Nyanya, huko Voi, zinalala ndani ya kabati. Wapi! Nyanya hatupi kitu. Moja kubwa aliitia fremu, akaiweka juu ya redio. Nyingine aliikata kwa mkasi akaibandika kwenye kalenda ya kanisa. Ile ya Cambridge, Shangazi akiwa amesimama kando ya mto kama pipa la maji, huitembeza ndani ya Biblia. Huitoa hospitalini, huitoa kinuni anaposubiri kusagiwa mahindi, na nasikia aliwahi kuitoa matangani, wafiwa wakaacha kulia kidogo ili waione. Na kila anayeiona husema neno moja:

"Wakesho amenona!"

Hapo ndipo taabu ilipoanzia. Shangazi aliondoka Kenya akiwa ametoka tu kuugua homa ya matumbo. Baba anasema siku ya uwanja wa ndege haikuwa Shangazi aliyevaa gauni, ni gauni lililomvaa Shangazi. Nyanya alimshika mkono wa juu, vidole vyake vikamzunguka vikakutana na kupitana, akaangua kilio: "Mnanipelekea mtoto kwenye baridi akiwa kuni!" Tangu siku hiyo Nyanya akawa hapati usingizi. Presha ikapanda. Dawa hii, dawa ile, hakuna kitu. Picha za kwanza zilipofika, presha ikashuka. Watu walimsifu daktari, lakini sisi huku tulijua ni koti.

"Sasa nikimwambia ni masweta?" Shangazi aliniuliza siku moja. "Si nitamwua mama yangu, Mghoi?"

Basi akaendelea kuwa mnene kwa njia ya posta.

Vuli hii Mzee Jotham, jirani yetu anayeendesha basi, alirudi kutoka likizo nyumbani na furushi. Aliliweka sebuleni kwa mikono miwili.

"Mama yako amekushonea gauni," alisema. "Fundi alikuwa na ile picha ya Cambridge mbele yake muda wote. Mama anasema ulivae, uende safari mahali penye majani mekundu, upigwe picha. Mwezi ujao kanisani kuna ibada ya shukrani, na picha itasimamishwa mbele, karibu na maua. Mpwa wangu anasafiri, nitampa aipeleke."

Shangazi akafungua furushi. Kitenge kikatoka, cha njano na bluu, kikaendelea kutoka. Kilifunika kochi. Kikafunika meza ndogo na rimoti ya televisheni. Baba, ambaye jina lake ni Naftali na ni mtu wa maneno machache, alikizunguka taratibu, akapiga mluzi.

"Wakesho, dada yangu, hili si gauni. Hili hukodishwa pamoja na viti."

Alilijaribu. Lilipita begani bila kugusa chochote, likaanguka sakafuni na kumwacha amesimama katikati kama mlingoti. Akalipandisha tena. Mimi nikaingia kwa chini, nikatoa kichwa kwenye shingo ya gauni kando ya kichwa chake, na bado kulikuwa na nafasi ya mgeni. Baba ilibidi aketi kwa kicheko.

Shangazi hakucheka. Alikaa kitandani na gauni mapajani, akilipapasa mshono.

"Mama amemshonea mtu mwingine," alisema. "Na huyo mtu ndiye anayempa usingizi."

Tukaamua anenepe. Alikula chapati asubuhi, viazi vya kukaanga vya dukani mchana, ugali usiku, na mimi nikila pamoja naye ili asijione mpweke. Aliyenenepa ni mimi. Kifungo cha sketi ya shule kilikatika katikati ya somo la hisabati, kikagonga dirisha, na mwalimu akauliza nani amerusha kitu. Shangazi alibaki vilevile. Nadhani chakula kikiingia kwake hakikai, kinapita tu kusalimia.

Bi Lata akatoa shauri la kitaalamu. "Tunabana nyuma na vibanio vya nguo, mbele inakaa sawasawa. Studio zote za Mombasa zilikuwa zinafanya."

"Bi Lata, wewe hujanielewa. Ukibana nitaonekana mwembamba. Mimi nataka kujaa."

"Basi jaa," alisema Bi Lata, akamwuzia filamu.

Ndivyo tulivyokwenda msitu wa Epping, Jumamosi moja, mimi nikiwa mpiga picha. Shangazi alivaa kila kitu: fulana, masweta, kizibao, leso ya figo, makoti yote mawili, na juu ya hayo yote, gauni. Liliingia kama lilivyopimwa! Halikubana, halikupwaya. Tulitazamana kwenye kioo tukashikana mikono kwa furaha.

Kasoro ilikuwa moja. Siku hiyo, bila kumshauri mtu yeyote, jua liliwaka. Mwishoni mwa Oktoba, watu walikuwa wamevaa kaptula. Ndani ya treni ya chini ya ardhi hakukuwa na hewa, na Shangazi alikuwa akitoa mvuke kama birika. Kijana mmoja alimtazama, akainuka haraka, akampa kiti, halafu akauliza kwa upole mtoto anatarajiwa lini.

Nikamwangalia Shangazi. Alikuwa na joto kiasi kwamba angekubali hata mapacha.

"Karibuni tu," alimjibu kwa Kiingereza, akakaa.

Behewa zima likamtabasamia. Mwanamke mmoja alimpa chupa yake ya maji.

Msituni majani yalikuwa mekundu kweli, kama mtu amemwaga pilipili ya unga juu ya miti. Nilimpiga picha akiegemea mti, akiokota jani, akitazama mbali kama mtu anayefikiria mkopo. Kila mara alisema, "Fanya upesi, Mghoi, naiva." Filamu ilipokaribia kuisha alisema neno moja, "Basi!" akaenda nyuma ya mti. Nikaona makoti yakiruka, kizibao, sweta, sweta la pili, leso, hata fulana ya mikono mirefu. Akarudi na gauni peke yake juu ya fulana, mikono yake myembamba nje, akakaa juu ya gogo na kitenge kikamzunguka kama hema lililokatwa kamba. Alikuwa anajipepea na jani.

Hapo akatokea mbwa. Aliyapita makoti yote, akachagua sweta la shingo, akalibeba mdomoni na kukimbia nalo, mikono ya sweta ikipunga nyuma kama inaaga. Bibi mmoja wa Kizungu akamkimbilia mbwa akiomba radhi. Na Shangazi, ambaye sijawahi kumwona akicheka mpaka mwisho, alicheka mpaka akashika gogo. Nikabonyeza. Filamu ikaisha.

Siku tuliyokwenda kuchukua picha, Bi Lata hakuwa na utani. Alifunga mlango wa duka kwanza.

"Dada Wakesho, mimi si mtu wa maneno," alisema, jambo ambalo si kweli. "Lakini angalia mwenyewe."

Tukaangalia. Kwenye treni, bila sisi kujua, masweta yalikuwa yameteremka. Yalikusanyika mahali pamoja, mbele, yakazuiwa na ile leso ya figo. Kwenye mti, kwenye jani, kwenye kutazama mbali, kila picha, tumbo lilikuwa limetangulia.

"Miezi saba," alisema Bi Lata.

"Nane," nilisema mimi, nikakanyagwa mguu.

Shangazi hana mume. Hata mchumba hana. Na picha ilikuwa isimamishwe kanisani, karibu na maua, mbele ya mchungaji. Muda wa kurudi Epping haukuwepo, mpwa wa Mzee Jotham alikuwa anasafiri kesho yake. Shangazi alizipanga picha upya, kama vile zikichanganywa tumbo litapungua. Ilibaki moja tu isiyo na mimba. Ile ya gogo.

Kwenye picha hiyo mikono yake ilionekana yote, na mifupa ya shingo, na meno yote. Ulikuwa wembamba mtupu uliofungwa kitenge.

"Hii itampandisha presha," alisema taratibu.

"Na zile?" aliuliza Bi Lata.

Mteja akagonga mlango, Bi Lata akamfukuza kwa mkono. Mwishowe Shangazi akaichukua ile ya gogo, akaitia kwenye bahasha mwenyewe.

"Afadhali alie kwa ukweli," alisema. "Zile nyingine atalia kwa uongo, na mchungaji yupo."

Siku zilizofuata hakula wala hakusafiri. Nyanya hana simu. Kila Jumapili sisi hupiga kwenye duka la jirani yake naye anakuwa anasubiri hapo. Jumapili ya kwanza baada ya ibada Shangazi alipiga kwa kadi ya simu, akaweka sauti ya nje ili sote tusikie. Baba akazima televisheni.

"Mama, shikamoo. Presha inaendeleaje?"

"Wacha presha yangu!" Sauti ya Nyanya ilijaza sebule. "Wewe Wakesho, una wazimu? Kwa nini ulivua koti?"

Tukatazamana.

"Mama... gauni lilikuwa..."

"Kwani nilikutumia gauni la kuvaa peke yake? Nilimwambia fundi, mshonee mtu na koti lake! Kila mwaka natazama koti la kahawia, koti la kahawia, nimechoka. Nikasema nikushonee kitu cha kuvaa juu, na huku joto linabaki ndani. Sasa wewe umekaa msituni na fulana kama mwendawazimu!"

"Kwa hiyo... ulijua mimi si mnene?"

"Mnene?" Nyanya alicheka, na nadhani duka zima lilicheka. "Nimekuzaa mimi. Tangu lini? Mimi nilipata usingizi kwa sababu niliona una koti. Mtu mwenye koti kama lile hawezi kufa kwa baridi. Hayo ya unono ni ya watu wa kinuni. Niliwaacha, kwa sababu Mama Samba, jirani yangu, alikuwa amenichosha na unono wa mwanawe wa Mombasa."

"Na sasa wameiona hii picha kanisani, Mama. Umewaambia nini?"

"Nimewaambia huyu ndiye Wakesho. Yule mnene wa Cambridge ni mwenye nyumba wake. Uso si umefunikwa? Nani atabisha?"

Baba akaingia jikoni haraka, mabega yakimtikisika. Kule dukani tukasikia mtu akinunua sukari.

"Lakini Wakesho," Nyanya alisema, sasa kwa sauti ndogo, "meno yako nilikuwa nimeyasahau. Hiyo nimeiweka juu ya redio. Ile ya koti nimempa mchungaji. Vaa koti, mwanangu. Halafu kila safari, vua mara moja tu, nikuone, uvae tena upesi."

Kesho yake baridi ilirudi kwa nguvu. Nikiwa naenda shule nilimwona Shangazi kituoni: fulana, sweta lililobaki, kizibao, leso, makoti mawili, na juu ya yote gauni la njano na bluu, likimkaa sawasawa. Basi lilipofika tukapanda; lilikuwa limejaa. Mzee mmoja alimtazama, akainuka haraka.

Shangazi akasema asante, akakaa.