Gari Laini kwenye Njia ya Mansa

Bado naiona asubuhi ile ya Mansa, mwanangu. Papa, baba yangu, alitoka wodini akitembea polepole, mkono mmoja begani mwangu, mwingine umelalia tumbo. Alikuwa amepasuliwa ngiri. Daktari aliniita pembeni akaniambia kidonda bado kibichi, nyuzi zinataka utulivu, na njia ya kurudi Nchelenge ni ndefu, kwa hiyo nisimtikise mzee. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, gari nililokuja nalo ni laini kama godoro.

Nilisema hivyo nikiamini kabisa. Nakusimulia haya, ingawa si mimi niliyekuzaa, kwa sababu jana nilikuona hapa Kashikishi ukiegesha gari lako jipya, lile jeupe la chini, ukanifungulia mlango ukisema, "Mama, hii gari hata shimo hausikie." Nilitabasamu tu. Sikutaka kukuharibia furaha mbele ya wenzako. Leo tuko wawili, chai bado ya moto, basi nisikilize.

Gari lenyewe lilikuwa la mume wangu. Unamjua, ba Mulenga, na unajua anavyopenda kitu kizuri. Alilileta kutoka mpakani Nakonde likiwa limetoka Japani, gari la familia, pana, lenye viti kama vya sebuleni na usukani unaogeuka kwa kidole. Wakati huo wanawake waliokuwa wakiendesha hapa ziwani walikuwa wachache mno. Yeye mwenyewe alinifundisha, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya soko la samaki, watu wakisimama kutazama. Wiki ile ya kumtoa Papa hospitali malaria ilimlaza, hata kusimama mlangoni hakuweza. Akanipa ufunguo. Akaniomba pia, kwa kuwa nafika Mansa, nimletee mifuko ya saruji ya kumalizia chumba cha nyuma kabla mvua hazijaanza.

Basi nikapakia saruji kwenye buti, nikamlaza Papa nusu kwenye kiti cha nyuma, mto tumboni, shuka miguuni. Tukaondoka.

Nikueleze kidogo Papa alikuwa mtu gani. Kabla vita haijatuvusha ziwa kutoka Pweto, alikuwa dereva wa malori, anatoka Lubumbashi na mzigo anarudi na samaki. Malori yenyewe yalikuwa magumu. Ukikanyaga jiwe unalisikia kwenye meno, na usukani unaugeuza kwa mabega. Mimi aliniita mama, kwa sababu nilipewa jina la mama yake. Alikuwa mpole, hakupenda kumfundisha mtu kazi ambayo hakuombwa kufundisha. Ndiyo maana alivumilia muda mrefu kabla hajasema neno.

Lami ilikuwa nzuri siku ile. Gari lilielea. Mashimo madogo yalipita chini yetu kama hayapo, injini haisikiki, na mimi nikawa najisifu kimoyomoyo kwamba namsafirisha Papa kama mfalme. Lakini ulaini ule ulikuwa unanidanganya, mwanangu. Kila nilipotazama mshale wa mwendo niliukuta umepanda kuliko nilivyodhani. Mwili haukuniambia kwamba tunakimbia. Na tulipofika kwenye kona, nilikuwa nageuza usukani kwa mkono mmoja, kwa wepesi, kama mtu anayefungua mfuniko wa sufuria.

Kwenye kioo nikaona Papa ameukumbatia mto kwa mikono yote miwili. Jasho lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na asubuhi ilikuwa bado ya baridi. Nikamwuliza kama ni mashimo yanamuumiza. Akatikisa kichwa.

"Mashimo hapana," akasema. "Ni kona. Mama, simamisha kwanza."

Nikasimama karibu na Mwense, mbele ya duka dogo la kando ya njia. Nilidhani nyuzi zimeachia. Akaniambia nishuke, niende nyuma, nikandamize pembe ya gari kwa nguvu zote kisha niachie. Nikafanya. Gari likashuka, likapanda, likashuka tena, likapanda, likaendelea kuhema hivyo hata nilipokuwa nimeshaondoa mikono. Papa alikuwa ameteremsha kioo, anasikiliza.

Hapo ndipo akanieleza, taratibu, akipumzika kati ya maneno. Springi kazi yake ni kumeza shimo, akasema, lakini springi peke yake haijui kuacha kuruka. Kuna vyuma vingine vinavyoituliza, yeye aliviita amortisa, nyinyi vijana mnaviita shokapu. Vya gari letu vilikuwa vimechoka. Ndiyo maana lilikuwa tamu kwenye njia iliyonyooka, na ndiyo maana kwenye kona lililala upande na kuchelewa kuinuka, na yeye pale nyuma akawa anavutwa mlangoni, kisha anarudishwa, na tumbo lake linavutwa naye. Akaniuliza ndani ya buti mna nini. Nikamwambia. Akafumba macho kidogo.

"Uzito iko nyuma, pua iko juu," akasema. "Magurudumu ya mbele hayashiki njia muzuri. Usukani inakuambia nini?"

Nikafikiri. Nikamjibu ukweli, kwamba hauniambii kitu, ni mwepesi tu.

"Ndiyo njo shida. Gari inakubembeleza wewe, na mimi inanitupa."

Hakupandisha sauti. Lakini mwanangu, kuna maneno ambayo baba akiyasema kwa upole yanakuingia kuliko fimbo. Nilisimama pale na vumbi la saruji mikononi, sijui nianzie wapi. Papa ndiye aliyeamua. Akasema mifuko ishuke. Nikamwambia ba Mulenga anaisubiri, mvua ziko njiani, na nikiiacha sijui kama nitaikuta. Akanijibu kwamba na ba Mulenga ataongea yeye mwenyewe.

Mwenye duka alikuwa mama mmoja wa Kibemba aliyefunga kitenge cha akina mama wa kanisa lake. Nikamweleza kwa Kibemba kuhusu mgonjwa wangu. Hakuuliza mengi. Akaita watu wawili waliokuwa wamekaa kwenye benchi, wakaishusha mifuko na kuipanga ndani, karibu na magunia yake ya chumvi, kisha akaja dirishani kumpa Papa pole. Nilipogusa usukani tena niliona tofauti papo hapo. Haukuwa mzito, hapana, lakini mbele palikuwa pamekaa chini, na nikigeuza kidogo gari linanijibu.

Kuanzia pale Papa alinisomesha kama anavyosomeshwa mtoto kushika kalamu. Alinitaka nipunguze mwendo kabla ya kona, nikiwa bado nimenyooka, nisisubiri kona inikute na mguu kwenye breki. Nigeuze mara moja, polepole, halafu ningoje. Gari laini, alisema, linapinda mara mbili, kwanza magurudumu, halafu mwili. Ukirudisha usukani kabla mwili haujamaliza kulala, unautupa upande wa pili kwa nguvu maradufu, na hapo ndipo watu wanapokwenda kwenye majani. Mikono yote miwili, mama. Na macho mbali. Kona za kwanza nilizifanya vibaya. Baadaye nikaona kwenye kioo ameuachia mto, mkono mmoja uko dirishani. Nikapata pumzi.

Tulipita Mwansabombwe, tukakata bonde, na mchana ziwa likaanza kuonekana kati ya nyumba. Karibu na Kabuta, kama unavyojua, baiskeli ni nyingi, zimebeba samaki kwenda bara, vikapu vimepanda juu ya kichwa cha mwendeshaji. Mbele yangu alikuwepo mmoja. Upande wa pili lori linakuja. Nilikuwa nimeshapunguza mwendo kwa ajili yake wakati gurudumu lake la mbele lilipotoka kwenye ukingo wa lami, akajaribu kulirudisha, vikapu vikamvuta, akaanguka katikati ya upande wangu na baiskeli juu yake.

Kulia ni lori. Kushoto ni mtaro. Mikono yangu ilitaka kuugeuza ule usukani mwepesi mpaka mwisho, na ungegeuka, usingenikatalia. Nasikia mpaka leo jinsi mikono ilivyotaka. Lakini sauti ya nyuma ilisema kwa utulivu, "Nyooka. Breki kwanza."

Nikakanyaga breki nikiwa nimenyooka. Pua ya gari ikazama, shuka ya Papa ikaanguka chini. Lori likapita, nikaona mkia wake, nikalegeza mguu, nikageuza kidogo kulia. Gari likalala. Nikangoja. Ni kungoja kufupi kuliko kukohoa, lakini kwangu kulikuwa kurefu kuliko safari yote. Mwili wa gari ulipokaa, nikarudisha taratibu. Tukampita yule mtu, tukasimama mbele yake, gari likahema mara chache likatulia.

Kabla ya kitu chochote niligeuka nyuma. Papa alikuwa ameshika tumbo, macho wazi.

"Papa, nyuzi?"

Akajipapasa, bila haraka. "Ziko," akasema. Halafu akaanza kucheka, na kucheka kukamuumiza, akanikataza nisimchekeshe, nami sikuwa nimesema lolote. Nililia, mwanangu. Nililia na kucheka pamoja, kichwa kwenye usukani.

Nilishuka nikaenda kwa yule kijana wa baiskeli. Alikuwa ameketi kwenye lami, goti limechubuka, anatazama samaki wake waliotapakaa kana kwamba wao ndio walioumia. Aliniambia anaitwa Chanda, anatoka kambini kwa wavuvi, na alikuwa ananishukuru na kuniomba radhi kwa wakati mmoja. Tukaokota pamoja. Watu wa Kabuta wakaja, wakanyoosha gurudumu, wakafunga vikapu upya. Sikumbuki jua likiwa zuri kama lilivyokuwa wakati ule, wala harufu ya samaki wakavu ikinipendeza namna ile.

Nyumbani ba Mulenga alitoka na blanketi mabegani kutupokea. Muuguzi jirani yetu akaja, akafungua bandeji taratibu. Kidonda kilikuwa kikavu. Akasema mzee amesafiri vizuri. Papa akanitazama. Baadaye nilimsikia kule nje akizungumza na mkwewe habari za saruji na amortisa, na ba Mulenga akiitikia ndiyo Papa, ndiyo Papa. Saruji tuliifuata ba Mulenga alipopona, mama wa duka alikuwa ameifunika kwa plastiki. Shokapu zilibadilishwa kabla ya chumba kumalizika. Na Papa aliishi miaka mingi baada ya hapo, akalima, akabeba wajukuu kwenye tumbo lile lile.

Sasa nikuambie ninachotaka ukishike. Sikukatazi gari zuri. Mungu akikupa kiti laini, kaa. Ila ujue kwamba ulaini ule umetengenezwa ili usiisikie njia, na njia haijaondoka kwa sababu huisikii. Kwa hiyo usiuamini mwili wako peke yake, tazama mshale. Usukani mwepesi ushike kama mzito. Nawaona vijana hapa wanakata springi ili gari likae chini lipendeze, na wengine wanaliinua kwa vipande vya chuma ili lipite njia mbovu ya Mantapala. Wewe usifanye hivyo. Waliolitengeneza walipima, na ukilibadilisha kwa macho tu, kona ndiyo itakayokuambia. Likandamize kila mara, uone kama linatulia au linahema. Buti usilijaze kwa sababu lina nafasi. Na yule anayekaa nyuma, mwulize anasikiaje, maana dereva ndiye wa mwisho kujua gari lake linavyowatupa wengine. Anaweza kuwa na mimba, au mshono, au usingizi, na hakuambii kwa heshima tu.

Tena ikija siku ya mtu kuanguka mbele yako, nyooka kwanza, breki, kisha geuza kidogo, ungoje.

Nenda basi, mwanangu. Mungu akupe mikono isiyo na haraka na macho yanayofika mbali. Wale unaowabeba wafike wakiwa wazima, na wale unaowapita wafike pia. Aliyemrudisha baba yangu nyumbani akurudishe na wewe kwa mama yako, kila safari.